Mjomba, Asiyeona Anasomaje Kompyuta?

Njoo, mpwa wangu, sogea hapa. Umeuliza swali zuri, tena ambalo wakubwa wengi hawaliulizi: mtu asiyeona anatunzaje hesabu kwenye kompyuta?

Sikiliza basi. Palikuwa na dada mmoja, katibu wa kikoba cha mtaani. Macho yake hayaoni, vidole vyake vyepesi. Kila Jumamosi wanachama walileta hisa, naye akaziandika kwenye jedwali la Excel. Skrini aliizima kabisa. Awashe ya nini?

Ndani ya kompyuta yake alikaa Msomaji. Huyu ni programu ya kusoma skrini. Kilichoandikwa, yeye hukisema.

"Mimi huenda ninakotumwa," alisema Msomaji. "Dada akibonyeza kishale, nasogea. Nikisogea, nasema."

Mjomba, atajuaje yuko wapi, na jedwali lote limejaa vyumba?

Hongera kwa kuuliza! Bao unalijua. Lina safu nne, kila safu mashimo manane. Sasa kila shimo lipe anwani. Safu zinazosimama zina herufi: A, B, C. Zinazolala zina namba. Basi shimo la B5 ni moja tu, halina pacha. Dada akifika hapo, Msomaji hutaja kwanza kete zilizomo, kisha anwani: "Elfu ishirini. B5." Akishuka: "Elfu kumi. B6." Shimo likiwa tupu, hutaja anwani peke yake: "B7." Dada hujua papo hapo kwamba mama wa mstari wa saba hajaleta.

Na bao hili ni kubwa! Lina safu za kulala 1,048,576. Je, hapotei? Hapotei. Hubonyeza Ctrl pamoja na Home, akarudi A1. Hubonyeza Ctrl pamoja na End, akafika pembe ya mwisho iliyotumika. Msomaji akisema mno, Ctrl peke yake humnyamazisha.

Siku moja mweka hazina, mwenye macho yake mawili, alilipamba jedwali. Mashimo matatu akayaunganisha kuwa moja, apate kichwa kikubwa. Wanaodaiwa akawapaka rangi nyekundu. Msomaji akasoma majina yote, na nani anadaiwa asiseme.

Mbona hakusema, Mjomba?

"Rangi siitaji mpaka niulizwe," Msomaji akajibu. "Na dada ataniulizaje jambo asilojua kama lipo? Niandikieni neno. Neno nitalisema."

Wakaongeza safu ya D. Wakaandika: anadaiwa, amelipa. Yale mashimo matatu wakayatenganisha, kila kichwa kikakaa juu ya safu yake. Kazi ya dakika chache tu, mpwa wangu, na dada akaweza kusoma hesabu mkutanoni bila kumwomba mtu macho.

Na barua pepe je?

Hiyo ni rahisi, mwandishi akiwa na adabu. Kishale kikishuka, Msomaji hutaja aliyetuma na kichwa cha barua. Isiyo na kichwa, dada lazima aifungue ndipo ajue inahusu nini. Lakini ukipiga picha tangazo la mkutano ukaituma bila maneno, Msomaji atasema "picha", basi. Mkutano ni lini? Wapi? Hajui. Andika siku na mahali chini ya picha, naye atasoma vizuri kabisa.

Mjomba, Msomaji alitengenezwa na nani?

Wako wengi. Ninayempenda zaidi anaitwa NVDA. Alianzishwa mwaka 2006 huko Australia na kijana asiyeona, Michael Curran. Rafiki yake James Teh, naye asiyeona, akajiunga. Programu za namna hiyo zilikuwa ghali mno, wao wakaamua ya kwao itolewe bure. Hadi leo ni bure. Hata Kiswahili anakisoma, ingawa lafudhi yake ingali inahitaji kukaa pwani kidogo.

Unataka kujaribu? Vizuri sana! Weka vidole juu ya kibodi. Papasa F, papasa J. Umeona? Kila kimoja kina kinundu kidogo. Hapo ndipo vidole huanzia. Sasa fumba macho, bonyeza kishale cha chini, kisha uniambie Msomaji amesema nini.