Mfereji ni wenu, vipimo ni vya nani?

Kama umekulia Matuu, mfereji wa Yatta unaujua. Unatoa maji Mto Thika, ulichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, na hadi leo unanywesha mashamba ya huku. Sasa tuseme mwekezaji anakuja na mradi mkubwa kando yake: timbo la mawe, kiwanda au shamba lenye pampu za nguvu. Nani atapima maji mtakayobakishiwa?

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi ya aina hiyo itathminiwe kabla ya kazi kuanza, na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi abandike mabango, atangaze gazetini na redioni, na aitishe angalau mikutano mitatu na watakaoathirika. Redioni, lugha ya wenyeji lazima iwemo, kwa hivyo hata nyanya yako anayeelewa Kikamba pekee hajasahaulika.

Haya, twende mkutanoni. Mtaalamu anasoma takwimu za vumbi na maji. Wewe uko kwa bodaboda unasaka riziki, kina mama wako sokoni, na jirani wa kiti cha magurudumu ameshindwa na ngazi za ukumbi. Waliofika wanauliza kazi zitakuwa ngapi, wanatia sahihi, orodha inaambatishwa kwenye ripoti. Imeisha hiyo.

Lamu walikataa. Mwaka wa 2016 NEMA ilitoa leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050. Shirika la wenyeji, Save Lamu, lilikata rufaa, na Juni 26, 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira likafuta leseni. Sababu moja kubwa: mikutano na wananchi ilifanywa kabla ya uchunguzi kukamilika. Watu waliulizwa maoni kuhusu athari ambazo hawakuwa wameelezwa!

Lakini Lamu walikuwa na mawakili na wataalamu wa kuichambua ripoti. Wewe anza na kijiti.

Si utani. Pima mita 10 kando ya mfereji, dondosha kijiti kikavu, washa saa ya simu. Tuseme kimechukua sekunde 20: hiyo ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa upana na kina, tuseme mita 2 kwa nusu mita. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hivyo zidisha tena kwa 0.8. Unapata lita 400 kwa sekunde. Rudia kila wiki, andika tarehe, piga picha. Kisha waulize kina mama wanaochota hapo ni mwezi gani maji hupungua, maana kumbukumbu yao inaanza mbali kuliko daftari lako.

Maoni yenye vipimo vya mwaka mzima hayapuuzwi kirahisi kama “hatutaki mradi”. Tangazo la NEMA gazetini kwa kawaida hutoa siku 30 za kuyapeleka, ambazo hazitoshi kuanza kupima.

Ripoti ni ya umma. Omba kuisoma katika ofisi ya NEMA mjini Machakos, na ukiipata, fungua kwanza orodha ya mahudhurio uone kama kuna jina unalolijua.