Feri na Kivuko: Chombo na Mahali

Katika usemi wa kila siku wa Likoni na Mtongwe, jina "feri", lililokopwa kutoka neno la Kiingereza "ferry", lina maana mbili. Kwanza, ni chombo kinachovusha watu na magari baina ya bara na kisiwa cha Mombasa. Pili, ni mahali penyewe pa kuvukia: makondakta wa matatu hunadi "Feri! Feri!", na abiria hujibu, "Nitashukia Feri." Wako waionao maana hii ya pili kuwa ni kosa la wasiokijua Kiingereza. Dai hilo halina msingi.

Katika Kiingereza chenyewe maana ya mahali ndiyo iliyotangulia. Ilikuwako tangu karne ya 15, ilhali maana ya chombo ilizuka katika karne ya 16, kwa kufupishwa jina refu zaidi la mashua ya kuvushia. Jina la mji wa Queensferry, huko Uskoti, lingali limehifadhi maana hiyo ya kale.

Kiswahili nacho kina upana huo huo. "Kivuko" latokana na kitenzi "vuka", kwa kiambishi ki- na kiishio -o. Umbo hili huunda majina ya ala, kama "kizibo", na ya mahali, kama "kituo". Ndiyo sababu Dar es Salaam pana mtaa uitwao Kivukoni, na MV Nyerere, iliyozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, nayo iliitwa kivuko.

Kinachozitenga maana hizi ni upatanisho wa kisarufi. Feri iliyo chombo huchukua ngeli ya I-ZI: "feri imejaa". Feri iliyo mahali huchukua ku-, bila ya kuongezwa -ni: "Feri kumejaa".

Tofauti hii si ya darasani tu. Tangazo lisemalo "feri imefungwa" laweza kufahamika kuwa chombo kimoja kimefungwa gatini, au kuwa hakuna kuvuka kabisa. Mwenye mgonjwa wa kumfikisha kisiwani hana budi kujua kama angoje chombo kingine au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. "Feri kumefungwa" lingemwondolea shaka.

Kwa hiyo yafaa watungaji wa kamusi waziorodheshe maana zote mbili, kila moja pamoja na upatanisho wake.