Mpira wa Wavu na Kifundo cha Mguu

Mpira wa miguu na netiboli tunavijua. Mpira wa wavu wengi wetu tunauona shuleni tu, na mtoto akirudi nyumbani akichechemea tunaulaumu mchezo wenyewe. Mara nyingi chanzo ni sheria moja ambayo hakufundishwa.

Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1895 na William G. Morgan, mwalimu wa mazoezi wa YMCA mjini Holyoke, Marekani. Alitaka watu wazima wapate mazoezi bila kugongana. Hapa Tanzania umo katika mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, na kijana akienda chuo anaukuta tena. Kwa kijiji kama Dimani, wilayani Kibiti, una faida ya wazi: kiwanja chake ni mita 18 kwa 9 tu. Katika nchi ya delta, ambako maji na mpunga hudai nafasi yao, kipande kikavu cha ukubwa huo hupatikana upesi kuliko uwanja wa mpira wa miguu.

Kila upande una wachezaji 6, watatu mbele na watatu nyuma. Urefu wa wavu ni mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Timu inaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu kabla ya kuuvusha, na mguso wa kuzuia wavuni hauhesabiwi. Mtu mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo, ila baada ya kuzuia, wala kuushika. Timu ikiwanyang'anya wenzao nafasi ya kuanzisha mpira, wachezaji wake wote husogea nafasi moja kufuata mshale wa saa. Hivyo hakuna anayeruka mbele ya wavu mechi nzima, magoti nayo hupumzika.

Waliocheza zamani wanakumbuka kwamba aliyeanzisha mpira ndiye peke yake aliyeweza kupata pointi, na seti iliishia 15. Sheria za dunia zilibadilishwa mwaka 1998. Sasa kila mpira una pointi, seti huishia 25 kwa tofauti ya pointi mbili, na seti ya tano huishia 15. Katika vyuo vya Marekani timu ya wanawake hubadilisha wachezaji hadi mara 15 kwa seti. Sheria za kimataifa huruhusu mara 6.

Sasa tuje kwenye mguu. Chini ya wavu upo mstari wa kati. Unyayo ukivuka mstari huo wote, ni kosa. Kisigino kikibaki juu ya mstari, na mpinzani hakusumbuliwa, mchezo unaendelea. Jeraha la kawaida kabisa la mchezo huu ni kuteguka kifundo cha mguu, na mara nyingi hutokea hapo hapo: mpigaji anaruka akielekea mbele, anatua upande wa pili, na mzuiaji anashukia juu ya mguu wake. Mwalimu asiyechora mstari huo kwa kuwa "ni mazoezi tu" anawaweka watoto hatarini. Majivu yanatosha kuuchora. Nguzo nazo zikae nje ya kiwanja, angalau nusu mita, zichimbiwe vizuri zisihitaji kamba za kukazia. Kamba hizo huangusha watu.

Mguu ukiteguka, kwetu bibi huteleka maji ya moto akaanza kukanda na kuchua. Siku mbili tatu za kwanza tumwombe asubiri, maana joto na kuchua huzidisha uvimbe. Mtoto apumzike, mguu uinuliwe juu ya mto, ufungwe bendeji isiyobana sana, na uwekewe kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi kwa dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku. Maumivu yakipungua aanze kuuchezesha taratibu. Lakini asipoweza kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo anapiga kelele, au mguu umepinda, mpelekeni hospitali akapigwe picha. Kidole kilichogongwa na mpira kisivutwe "kirudi mahali pake". Ncha ikilegea na kushindwa kunyooka, ni kazi ya mganga wa hospitali.

Wazazi wengine huwazuia mabinti kwa sababu ya mavazi. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya Rio, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza wavu wa ufukweni akiwa na hijabu, mikono mirefu na suruali ndefu. Sheria haikumzuia, na mwalimu wa shule hana sababu ya kuwa mkali kuliko Olimpiki.

Kuhusu jua letu la pwani, mazoezi yafanyike alasiri jua likipungua, na maji safi ya kunywa yawe kando ya kiwanja. Mwenye selimundu mwalimu amjue kwa jina: anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka mwenyewe, asilazimishwe kukimbia kama adhabu. Akilalamika kifua au akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.