Mstaafu na Nyumba ya Magurudumu

Neno 'kustaafu' lilitujia kutoka lugha ya Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya kuomba kusamehewa wajibu. Mtumishi aliyechoka humwendea mkubwa wake kumwomba ruhusa ya kuutua mzigo. Lakini katika matumizi yetu ya leo neno hili limebeba pia picha ya mahali. Mwalimu wa Kenya anapostaafu, ni nadra kumwuliza atafanya nini. Twamwuliza atakaa wapi, na jibu twalijua kabla hajalitamka: atarudi nyumbani. Kiinua mgongo kitamalizia paa la nyumba iliyoanzwa miaka ishirini iliyopita, patakuwa na ng'ombe wawili watatu, na wajukuu watakuja likizoni.

Nchini Marekani wapo wastaafu ambao kwao picha hii imegeuzwa juu chini. Siku wanayofunga kazi ndiyo siku wanayofunga safari. Huuza nyumba, huwagawia watoto samani, kisha hununua gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, au tela la kukokotwa nyuma ya gari jingine, wakahamia humo. Tuviite vyombo hivi magari-nyumba. Majira ya baridi huelekea kusini palipo na joto, na jua la kiangazi linapowaka hupanda kaskazini na milimani, mfano wa wafugaji wetu wanaofuata malisho.

Wala chombo hiki si kigeni kabisa kwetu. Mwaka 1959 Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream inayotengeneza matela hayo, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town, ukapita Afrika Mashariki hadi Cairo. Yamkini wapo wazee waliokuwa watoto wakati huo ambao wangali wanavikumbuka vidubwasha vile vya kung'aa vikitimua vumbi barabarani.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja: je, maisha haya ya barabarani ni uhuru au ni dhiki? Nauliza kwa sababu jibu lake, nadhani, linatuhusu sisi walimu na wanafunzi kuliko tunavyoweza kudhani.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi maisha yenyewe yanavyowezekana. Sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi mwa Marekani ni mali ya serikali kuu. Idara moja tu, ile ya Usimamizi wa Ardhi, inasimamia takriban ekari milioni 245. Katika sehemu kubwa ya ardhi hiyo mtu yeyote aweza kupiga kambi bila kulipa hata senti, kwa kawaida kwa muda usiozidi siku 14, kisha ahamie kwingine. Hapana bomba la maji, hapana umeme, hapana choo wala pipa la taka. Mgeni huja na maji yake, hupata umeme kutoka vibao vya jua vilivyo juu ya paa, na huondoka na uchafu wake.

Mfano mashuhuri ni mji mdogo wa Quartzsite, ulio katika jangwa la Arizona karibu na mpaka wa California. Wakazi wake wa kudumu hawafiki 5,000, lakini Januari inapoingia jangwa lililouzunguka hujaa magari-nyumba kwa maelfu. Kuanzia mwaka 1983 serikali ilitenga maeneo maalumu ya kukaa msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, na kwa miaka mingi ada ya msimu wote ilikuwa dola 180. Hata mbuga za taifa zina huruma kwa wazee: raia au mkazi wa kudumu aliyetimiza miaka 62 hununua kadi ya kuingilia ambayo humfaa maisha yake yote. Hadi mwaka 2017 kadi hiyo iliuzwa dola 10, ndipo ikapandishwa hadi dola 80.

Jioni ikifika, moto huwashwa. Hapa msomaji wa Pwani angejikuta nyumbani. Chombo kinachopendwa na wapishi wa kambini ni chungu kizito cha chuma cha kusubu, chenye miguu mitatu na kifuniko kilichoinuliwa ukingo ili kishike makaa. Miguu ile mitatu ni mafiga yaliyounganishwa na chungu chenyewe. Mpishi huweka makaa chini na mengine juu ya kifuniko, na humo huoka mkate, nyama, hata keki. Wao hueleza kazi hii kwa sentensi nzima. Sisi tuna kitenzi kimoja, 'kupalia', na kila mpishi wa Lamu au Mombasa aliyewahi kupalia wali anajua kwamba makaa ya juu yasipotosha, uso hauivi, na ya chini yakizidi, kitako huungua.

Moto huo una adabu zake. Kuni hazisafirishwi kutoka mbali, kwa kuwa ndani ya magogo hujificha wadudu waharibifu. Mbawakawa mmoja wa rangi ya zumaridi aligunduliwa Michigan mwaka 2002, na tangu hapo ameangamiza miti kwa mamilioni, akisaidiwa na wasafiri waliobeba kuni. Wakati wa ukame mamlaka hupiga marufuku mioto yote. Na anayeondoka kambini hutakiwa kuumwagia moto maji, kuyakoroga majivu, kuyamwagia tena, kisha kuyapapasa kwa mkono. Akihisi joto, kazi haijesha.

Kufikia hapa msomaji aweza kutamani. Mzee aliyefanya kazi miaka arubaini sasa anapika mkate wake jangwani chini ya nyota, hana kodi ya nyumba, hana msimamizi, na kesho ataamua mwenyewe aelekee wapi. Wapo wengi ambao picha hii ni kweli tupu kwao. Wana pensheni ya kutosha, wana akiba, na wengine wana nyumba waliyoifunga tu kwa miezi sita. Hawako peke yao pia. Chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na chenye makao yake Livingston, Texas, huwapokelea wanachama barua, na kina kituo cha kuwatunza wale ambao uzee au maradhi yamewazuia kuendesha gari.

Lakini kando ya moto huo huo huketi mtu wa pili. Katika kitabu chake Nomadland, kilichotoka mwaka 2017, mwandishi Jessica Bruder aliwafuatilia wazee waliohamia magarini kwa sababu nyumba zilikuwa zimewashinda. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Msukosuko wa kiuchumi wa mwaka 2008 ulikuwa umewanyang'anya wengi wao nyumba, kazi na akiba kwa mpigo mmoja. Malipo ya uzeeni ya serikali, yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1935, huweza kuanza kuchukuliwa mtu akifika miaka 62. Hata hivyo, kwa aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye, anayeanza mapema hivyo hupunguziwa asilimia 30 ya kile ambacho angelipwa akingoja hadi miaka 67. Asiye na chakula hawezi kungoja. Basi wazee hawa huenda barabarani kutafuta vibarua: kusafisha vyoo vya kambi za umma wakati wa kiangazi, kuvuna viazisukari majira ya mapukutiko, na, kwa miaka mingi baada ya 2008, kupakia bidhaa katika maghala ya Amazon kuelekea Krismasi. Huyu hakuombwa ruhusa ya kutua mzigo, wala hakuutua. Aliubeba akaingia nao garini.

Ukiwatazama wawili hawa kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Kinachowatofautisha ni hiari. Na hapa ndipo lugha inapoingia, maana jamii huwapa majina tofauti kulingana na mifuko yao. Mwenye gari la thamani akilala jangwani huitwa mpiga kambi. Mjane akilala ndani ya gari kuukuu kando ya barabara ya mji huitwa mtu asiye na makao, na askari humgongea dirisha usiku. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 6 dhidi ya 3, kesi iliyohusu mji wa Grants Pass katika jimbo la Oregon. Uamuzi ulikuwa kwamba mji unaowaadhibu wanaolala nje katika maeneo ya umma hauvunji marufuku ya kikatiba dhidi ya adhabu za kikatili. Sheria za mji huo zilihesabu hata kutandika blanketi ardhini kuwa ni kupiga kambi. Kitendo ni kimoja, kulala. Penye jangwa ni burudani inayokaribishwa, penye mji ni kosa linalotozwa faini.

Wasafiri wenyewe hulijua jambo hili, ndiyo maana wengi wao hukataa kuitwa wasio na makao. Husema hawana nyumba, lakini wana kwao. Kiswahili kingewasaidia kulieleza hilo. 'Nyumba' ni jengo. 'Nyumbani' ni mahali. Lakini 'kwetu' na 'kwao' ni maneno yasiyotaja ukuta wala paa. Ndani yake mna watu tu, sisi au wao. Sheria, hata hivyo, haitambui 'kwao'. Sheria yataka anwani. Bila anwani ni vigumu kupata leseni ya udereva au bima. Kwa hiyo wapo wanaojiandikisha kuwa wakazi wa South Dakota kwa kuonyesha stakabadhi ya kulala huko usiku mmoja, kisha barua zao hupokelewa na wakala. Na mji wa Empire katika jimbo la Nevada, uliokuwa mji wa kiwanda, ulipofungiwa kiwanda chake mwaka 2011 ulipoteza hata nambari yake ya posta. Waliokuwa wakiishi pale walijikuta hawana pa kurudi, hata kwenye bahasha.

Sasa turejee kwetu. Ni rahisi Mkenya kuyasoma haya akajipiga kifua, akasema kwamba sisi hatuwatupi wazee wetu. Tusifanye haraka. Ni nani kati yetu asiyemjua mwalimu mstaafu anayepanda matatu alfajiri na mapema, bahasha ya kaki kwapani, akienda mjini kufuatilia faili lake? Ataambiwa arudi wiki ijayo, naye atarudi. Huyu naye ni mstaafu wa barabarani, tofauti ni kwamba hana kitanda ndani ya gari. Na yule mwenzake aliyebaki kijijini, ambaye hawezi kumtembelea binti yake Eldoret kwa kukosa nauli, tunamsifu kuwa ametulia, kumbe amekwama. Mmarekani maskini hulazimishwa kwenda, mzee wetu maskini hulazimishwa kukaa. Wote wawili wamenyimwa kitu kile kile.

Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima, ya kuendeleza maisha yake, na ya kutunzwa na jamaa zake pamoja na dola. Zingatia neno 'kuendeleza'. Katiba haikusema mzee aketi. Kwa upande wa fedha, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma ulisogezwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. Kisha tangu Januari 2021 watumishi waliokuwa hawajafikia miaka 45, walimu wakiwemo, waliingizwa katika mpango wa kuchangia pensheni yao. Mtumishi alianza na asilimia 2 ya mshahara wa msingi, akapanda hadi 5 mwaka wa pili, na 7.5 tangu mwaka wa tatu, huku serikali ikichangia asilimia 15. Wapo walimu walionung'unikia makato hayo, na manung'uniko yao yanaeleweka, kwani mshahara wenyewe ni mdogo. Lakini yafaa kila mwalimu aisome taarifa yake ya michango mwaka hadi mwaka, ahakikishe kwamba kilichokatwa kimefikishwa, na aulize mapema pale panapopungua. Faili linalofuatiliwa mtu akiwa na miaka 35 ni jepesi. Likingoja hadi miaka 60 humwua mwenyewe njiani.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba habari hizi ni za wazee. Mtakaporudi likizoni, mwulizeni babu au nyanya, au mwalimu wenu wa zamani, angependa kwenda wapi ikiwa ana uwezo. Nina hakika wengi watashangaa kuulizwa. Huenda mmoja akasema hataki kwenda popote, na hilo ni jibu la haki. Huenda mwingine akasema hajawahi kuiona bahari. Mpelekeni.