Istilahi ya Kumpokea Mwajiriwa Mpya

Wafasiri wengi siku hizi huletewa nyaraka za makampuni zenye neno la Kiingereza ambalo asili yake ni kumpandisha abiria melini. Neno hilo limekuwa jina la shughuli nzima ya kumpokea mwajiriwa mpya na kumsaidia mpaka aizoee kazi, apende kubaki. Mfasiri atakayeandika "kupandisha chomboni" atamfanya msomaji adhani kampuni imenunua mashua. Wengine, hasa maofisini, huandika "mafunzo elekezi". Istilahi hiyo ni njema, lakini yafaa tuupime upana wake.

Mafunzo elekezi ni mafunzo: yana mkufunzi, ratiba na siku ya kufungwa. Mwajiriwa huelezwa muundo wa ofisi, maadili, mshahara na likizo. Mkuu wa kazi anayeisoma istilahi hiyo peke yake huamini kwamba siku mbili za ukumbini zimemaliza wajibu wake.

Sheria yenyewe inahesabu kwa miezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri ampe mwajiriwa, anapoanza, maelezo ya maandishi kuhusu kazi, mahali pa kazi, saa na ujira. Kanuni za mwaka 2007 zimeweka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 12, na humtaka mwajiri afuatilie utendaji wa mwajiriwa na kumweleza upungufu wake. Hata hivyo neno "majaribio" humwonyesha mgeni kuwa mtu wa kupimwa tu. Halisemi ni nani wa kumsaidia afaulu.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupangiwa kazi katika shule moja ya Machame. Nilifika jioni, mvua ya masika ikinyesha. Asubuhi nilikabidhiwa chaki, daftari la mahudhurio na darasa. Sikujua maamkio ya Kimachame, wala ni nani ofisini hujibu barua. Kabla muhula haujaisha nilikuwa nimekwisha andika ombi la uhamisho. Halikupelekwa, kwa sababu mwalimu mmoja mzee, bila kuagizwa na mtu, alinionyesha njia ya gulioni, akakaa nyuma ya darasa langu mara kadhaa, na jioni akanieleza nilipokosea. Alifanya hivyo kwa miezi miwili. Mimi nikakaa miaka saba. Shule haikuwa na jina la kazi aliyoifanya, na alipostaafu haikumpa mtu mwingine. Walimu wawili vijana waliofuata waliondoka mapema.

Tunapenda kusema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliutumia msemo huo mwaka 1962 alipoeleza ujamaa. Lakini katika kihamba, ambamo kahawa huota chini ya migomba, jembe peke yake ni hatari. Mizizi mingi myembamba ya mbuni iko karibu na uso wa ardhi, asiyeonyeshwa ataikata. Asiyeambiwa zamu za maji ya mfongo atagombana na jirani kabla wiki haijaisha. Mwenyeji humwonyesha mgeni mambo hayo wakiwa kazini pamoja.

Kwa hiyo tunapendekeza "uzoeshaji kazini" kwa shughuli nzima, na "mafunzo elekezi" ibaki kwa sehemu yake ya darasani. Anayemshika mkono mwajiriwa aitwe "mlezi wa kazini". "Msimamizi" haifai, kwani huyo ndiye atakayempima, na mgeni hatamwuliza maswali ya kijinga. "Mapokezi" nalo limekwisha chukuliwa na meza ya mlangoni.

Katika barua ya ajira mfasiri anaweza kuandika: "Mwajiriwa atazoeshwa kazi kwa miezi mitatu chini ya mlezi wa kazini, ambaye jina lake limetajwa hapa chini." Chini yake iachwe nafasi ya jina, na barua isitiwe sahihi nafasi hiyo ikiwa tupu.