Ng'ombe mlezi mwema huonekana kwenye mizani

Ng'ombe jike wa nyama humlipa mfugaji kwa ndama mmoja tu kwa mwaka, tena mambo yakienda vyema. Ndama huyo akifa au akidumaa, malisho, maji na dawa za mwaka mzima zimekwenda bure.

Ndiyo maana wafugaji wa Boran, ng'ombe wenye asili ya nyanda za Borana kusini mwa Ethiopia na ambao sasa wamesambaa Kenya, Tanzania na Uganda, hawaangalii umbo na nundu pekee. Huuliza pia kama jike anajua kulea.

Saa za kwanza ndizo huamua mengi. Kondo la nyuma la ng'ombe halipitishi kinga kwenda kwa ndama aliye tumboni, hivyo ndama huzaliwa bila silaha. Kinga yake imo katika dang'a. Utumbo huipokea vizuri zaidi katika saa 6 za mwanzo. Baada ya saa 24 hivi, mlango huo umefungwa. Ndama wa kilo 28 anahitaji karibu lita 3.

Mama mwema huinuka mapema na kumlamba mwanawe. Kulamba humkausha ndama, huchangamsha damu na pumzi, na humwezesha mama kuishika harufu ya mtoto wake. Kisha husimama kimya ndama atafute chuchu. Mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza ndiye hukosea zaidi: huogopa, hupiga teke au huondoka.

Baada ya hapo, kilo hutokana na maziwa. Katika miezi ya mwanzo tumbo la ndama bado halijakomaa kutegemea nyasi. Anayeruhusiwa kunyonya mara kwa mara hushiba, na kule kunyonya kwenyewe huchochea kiwele kutoa zaidi.

Hata hivyo, upendo bila lishe hautoshi. Jike aliyekonda kwa ukame anaweza kuwa mlinzi hodari na bado akawa na kiwele kikavu. Katika maboma mengi ya wafugaji, ndama pia hugawana maziwa na watoto wa nyumbani. Anayekamua hadi tone la mwisho leo anajipunguzia bei ya mnadani kesho.

Ukali nao una mipaka. Jike anayefukuza fisi ni mali. Anayemjeruhi mchungaji ni hasara.

Njia ya kuwatambua walezi wema haihitaji mitambo. Mpe jike mpya nafasi tulivu ya kuzalia, mtazame akiwa mbali kidogo, kisha andika: alimlamba mwanawe? Ndama alinyonya baada ya muda gani? Pima uzito wakati wa kumwachisha, akiwa na miezi 7 au 8.

Mtamba aliyekosea mara moja anastahili nafasi ya pili. Anayemkataa ndama kila uzao aende sokoni, hata awe na umbo la kupendeza kiasi gani.