Ujuzi Hauzeeki

Safari yangu ya Machakos ilinifikisha Wamunyu, chimbuko la wachongaji wa Kikamba, ndugu za hao tuwaonao Changamwe. Mwanzo wa kazi hii hutajwa Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918, akarudi na ujuzi kwao.

Nilimkuta mzee mmoja na tezo mkononi. Nikamwuliza, "Mzee, siku hizi kuna mashine ziongozwazo na kompyuta, zachonga twiga mia wakafanana. Huogopi?"

Akacheka. "Shekhe, namwogopea kijana ajuaye twiga peke yake. Huyo mashine itampiku. Mimi nalitazama gogo kwanza: ufa u wapi, fundo li wapi, litoe nini. Mpingo ulipoadimika, wenzetu huko kwenu Pwani waligeukia mwarobaini, wakajifunza upya."

Nilirudi na neno hilo. Sisi nasi humpeleka mtoto kwa seremala au fundi cherehani akaiga mkono wa fundi, basi. Mkono unaoiga, mashine nayo huiga. Tumfundishe na kupima, kuchagua na kubadilika. Hapo ndipo ujuzi hauzeeki.